Mafundi funguo wa Kigoma, mnachonga funguo au mnachonga ubovu?

Wakuu, leo sina salamu ndefu, limenikaba kooni.

Nina kigari changu cha Kijapani, mtumba, kilikuja na ufunguo mmoja tu. Tangu mwaka jana ufunguo ukawa unagoma kuzunguka. Unaingiza, unautikisa, unautoa, unaupuliza, unasoma dua, ndipo unakubali. Mwezi uliopita ukanigomea Kibirizi asubuhi, kwenye buti nina ndoo mbili za migebuka na jua linapanda. Dakika 40! Wachuuzi wamenizunguka kama sinema. Mama mmoja akaniambia, "Baba, si uwauzie hapahapa tu?"

Nikaenda kwa fundi wa kwanza, Mwanga. Akautazama ufunguo, akasema umelika, ngoja nikuchongee mwingine, 15,000. Akaubana mzee wangu upande huu wa mashine, mpya upande ule, kelele dakika mbili, tayari. Unang'aa kweli. Siku ya tatu ukagoma vilevile. Nikarudi, akachonga wa pili kwa bei ileile, huo ukagoma kuliko ndugu yake.

Sasa fundi nikuulize hapa, maana kule kibandani hukunipa nafasi. Mashine yako si inafuata mabonde ya ufunguo uliobanwa? Ukiibania kilicholika, itachonga nini? Ndani ya swichi ya kuwashia gari kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo ukiingia, kila bonde linatakiwa kukiweka kibati chake sawasawa na ukingo wa silinda, kile kipande kinachozunguka pamoja na ufunguo. Kimoja kikichomoza hata unene wa ukucha, haizunguki. Wewe umeuhamisha ubovu wangu kwenye chuma kipya, ukala 30,000.

Lakini huyo ana nafuu. Aliyenimaliza ni wa pili, Gungu. Ufunguo hata hakuuomba. Alichukua bomba la sindano, akavuta oili, akaisukumia kwenye tundu la swichi, kisha akapachika grisi. Jamani! Vumbi letu hili jekundu la kiangazi likikutana na oili ni udongo wa kufinyangia vyungu. Wiki ya kwanza ufunguo uliteleza kama mlenda, nikamsifia mpaka kwa majirani. Wiki ya tatu nimewasha gari, nimeuachia, haukurudi. Injini imeshawaka, stata, ile mota ya kuamshia injini, bado inalia. Mpaka nakuja kuurudisha kwa nguvu, harufu ya kuungua imejaa. Stata imekwenda, wakuu, na bei ya stata mnaijua. Nampigia simu ananijibu, "Hiyo swichi imekufa mzee, tukate waya tuweke kitufe." Na loki ya stelingi, ile inayofunga usukani, anataka tuing'oe! Yaani mwizi naye aje awashe kwa kidole, aondoke zake.

Aliyenitoa ni kijana mmoja wa Ujiji, fundi umeme wa magari. Swali lake la kwanza: "Mzee, mlango wa abiria umewahi kuufungua kwa ufunguo lini?" Sijawahi, nafungulia ndani. Akacheka, akaing'oa kitasa. Ufunguo wa swichi na wa mlango ni uleule, ila vibati vya mlangoni vilikuwa kama vya jana, na vya gari yangu vimechapwa namba za vimo vyake. Akazisoma kwa mpangilio. Viwili havikuwemo mlangoni, hivyo akavipima kwenye swichi yenyewe. Akachukua ufunguo mtupu, akauchonga kwa tupa, taratibu, anajaribu, anarudi, anajaribu. Silinda akaichomoa, akaiosha na petroli, akaikausha, yakatoka matope meusi ya yule wa Gungu. Alichorudishia ni unga wa risasi ya penseli tu, kikavu, haushiki vumbi. Tusisingizie kwamba Kigoma ni mwisho wa reli, penseli zipo kila duka la madaftari.

Saa tatu za kazi, 35,000. Sasa nawasha kwa vidole viwili.

Na langu nalikubali. Huo ufunguo nilikuwa nimeufunga na funguo za nyumba, kufuli la stoo na kifungulia chupa, rundo zima linaning'inia na kupiga densi kwenye mashimo. Uzito ule unaila swichi. Ilifika hatua nachomoa ufunguo gari inawaka, watoto wanashangilia wakidhani baba mchawi. Nami nikacheka, badala ya kujua swichi inaniaga.

NYONGEZA: Mnaouliza kama gari zenu zitakubali kuchongewa hivyo: angalieni kama kichwa cha ufunguo kina chipu. Kama gari inataka chipu, chuma kitazunguka vizuri tu na injini isiwake, mkaanza kumtukana kijana wa watu. Na kabla ya kukimbilia kwa fundi, chezesha stelingi kidogo kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo bila nguvu. Pengine ni loki ya stelingi tu imebanwa kwa sababu uliegesha tairi zimekata kona.

Fundi wa Gungu, najua humu unasoma. Stata niliyoing'oa ipo kwenye buti, Jumamosi nakuletea.