"Tatizo lako ni anuani": fundi wa shokapu kanidhalilisha leo mbele ya muuza kahawa

MkaziWaKivule:
Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Herufi zikirukana mtanisamehe.

Nimetoka sasa hivi kwa yule jamaa wa shokapu upande wa Ilala. Simtaji. Sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Kila mwenye Subaru mji huu kashapita mikononi mwake na kila aliyepita ana kovu lake. Yule yule anayeanza kila sentensi na "bosi", na sentensi ikifika mwisho ubosi wote ameshakuvua.

Jamani. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimeambiwa hadharani kwamba TATIZO LANGU NI ANUANI.

Ngoja nianzie mwanzo. Nina Subaru Forester ya 2004, toleo la SG5. Nakaa Kivule, pembezoni mwa Dar, na siyo Kivule ya kituoni. Unaacha lami, unapita mchanga, unapita korongo, unapita mtoto wa lile korongo, ndipo unaliona geti langu. Wiki 3 zilizopita gari ilianza kukaa chini kwa nyuma. Nikaenda kwake. Nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: kaka, sitaki mbio, sitaki urembo, nataka shokapu za barabara mbovu. Akasema bosi, umefika. Akafunga 4 mpya, 480,000, ufundi 60,000. Akanisifia kwamba hizi ni za spoti, ngumu, haziyumbi, hata Kigoma unafika nazo.

Siku 21 wakuu! Maziwa ya pakiti yanaishi kuliko hizo shokapu! Leo gari imekaa nyuma kama mbwa anayeota jua. Nikipita tuta nasikia KO! chuma kwa chuma. Mke wangu haingii garini bila mto wa kochi. Trei ya mayai niliyonunua Gongo la Mboto imefika nyumbani mayai yameshapigwa, yanasubiri kitunguu tu.

Ndiyo nikarudi leo. Nikainama mwenyewe uvunguni nikamwonyesha: fimbo ya shokapu ya nyuma kulia imelowa mafuta, vumbi la Kivule limegandia pale jeusi kama masizi ya sufuria. Nikapitisha kidole, nikamnyooshea kile kidole akione. Hakukiangalia. Anakula muhogo. Akaegemeza nyonga kwenye bodi, akasukuma mara moja, gari ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, ikapanda tena, mwenyewe anaiona! Akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema kwa sauti ya mnadani: "Bosi, shokapu haina tatizo. Tatizo lako ni anuani. Hamia kwenye lami."

Muuza kahawa alicheka mpaka birika likamtoka. Birika lenyewe, na jiko lake, makaa yakamwagika, watu wakaruka, na walikuwa wanaruka huku wanacheka. Anuani! Mimi! Nyumba nimejenga tofali moja moja miaka 7!

Barabara mbovu si ndiyo nilimwambia tangu siku ya kwanza? Mtu akuuzie mwavuli, urudi kwake umelowa, akwambie tatizo lako ni mvua?

Nimeendesha kutoka Ilala mpaka nyumbani kila shimo linatamka a-nu-a-ni, a-nu-a-ni. Naomba mwenye kujua aniambie nifunge nini. Na naomba mtu yeyote asimpelekee tena gari yule mtu. Mnamjua.

KitiChaMbele:
Nimeshakaa. Mkuu, birika liliunguza mtu au kahawa ndiyo ilikufa peke yake?

MamaWawili_Chanika:
NAMJUA. Mimi nilimpelekea Noah, upande wa dereva umelala. Akaizunguka, akaniangalia juu mpaka chini, akasema dada gari nzima, punguza mwili. Nilikuwa na ujauzito wa miezi 8. Wewe umetukanwa mtaa, mimi nilitukanwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

MkaziWaKivule:
Dada pole sana. Unaona wakuu? Unaona mtu mwenyewe? Na hapo naamini muuza kahawa alikuwepo.

MamaWawili_Chanika:
Alikuwepo. Alicheka.

GrisiMkononi:
Mkuu pole, ila nataka nikuulize jambo moja kabla watu hawajakupoteza. Hizo SG nyingi zilizotoka Japani, nyuma zina shokapu zinazojinyanyua zenyewe. Ukipakia watu, ukatembea kidogo, mtikisiko wa barabara unapiga pampu iliyo ndani ya shokapu na gari inarudi levo. Kwa sababu hiyo springi zake za kiwandani ni laini, maana shokapu inazisaidia kubeba. Shokapu za namna hiyo zikifa, ukafunga za kawaida na kuacha springi zilezile, nyuma italala hata ufunge shokapu za dhahabu. Lazima vibadilishwe pamoja. Je, alibadilisha springi?

MkaziWaKivule:
Springi hakugusa. Alisema springi za Mjapani hazifi.

GrisiMkononi:
Basi hiyo ndiyo KO yako. Shokapu ya kawaida haibebi gari, inayobeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isicheze ngoma. Gari yako imelala, nafasi ya kushukia imekwisha, kila shimo inagonga ile raba ya mwisho, na kwa sauti unayoielezea hiyo raba imeshapukutika. Ukigongesha hivyo siku 21, hata shokapu nzuri itatema mafuta.

Halafu hayo mambo ya spoti kwa Kivule nani alimtuma? Shokapu ngumu ni ya barabara nyororo na kukata kona. Kwenye mashimo madogomadogo unataka tairi lipande na kushuka lenyewe, bodi ibaki imetulia. Ukilikaza tairi, linapanda na bodi nzima pamoja na watoto. Wewe ulitakiwa upewe shokapu ya mwendo wa kawaida yenye gesi na springi ya nyuma ya SG isiyo na mfumo ule wa kujinyanyua. Ukague na bushi, zile raba za kwenye maungio, na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, maana kwa mateso hayo sidhani kama zimebaki.

MkaziWaKivule:
Mkuu nimekuelewa sana na nimepiga picha ya maandishi yako. Yaani kumbe kosa lilikuwa lake tangu siku ya kwanza na bado akapata nguvu ya kuniambia anuani. Huku anatafuna muhogo!

DerevaWaPori:
Niko Arusha, naendesha watalii tangu 2009. Naongezea kwa GrisiMkononi. Kule Serengeti, kutoka geti la Naabi kwenda Seronera kuna vipande barabara imejikunja kama bati. Siku moja nimefika Seronera nikaingia uvunguni kukagua, mgongo wa mkono ukagusa shokapu. Lengelenge lilikaa wiki nzima. Wengi hawajui kwamba shokapu inakula mtikisiko na kuugeuza joto. Mafuta ya ndani yakipata moto na kuchanganyika na hewa yanatoa povu, na ukiwa na povu huna shokapu tena, una bomba. Ndiyo maana zile za gesi, zenye naitrojeni inayoyakandamiza mafuta, zinavumilia zaidi safari ndefu za vumbi.

Na springi chagua kwa mzigo unaobeba kila siku, siyo ule wa Krismasi. Landcruiser zetu nyuma zina springi za vyuma vilivyopangwa kama za Canter. Ikiwa tupu inakurusha mpaka dari, ikijaa wageni na mabegi inatulia kama kitanda. Mtu wa mke na watoto watatu akifunga springi za kubebea saruji atamlaumu Mjapani bure.

MkaziWaKivule:
Asante kaka. Swali moja tu. Wewe kwa miaka yote hiyo porini, umewahi kuambiwa anuani?

DerevaWaPori:
Hapana mkuu. Simba hawasemi.

InchiMojaNaNusu:
Mnazunguka sana. Funga spesa, vile vipande vya kuwekea juu ya springi, nyanyua gari, kula maisha.

GrisiMkononi:
Spesa inanyanyua bodi, basi. Ulaini hauongezeki hata chembe. Ekseli za mbele zinakaa pembe kali zaidi, raba za jointi zinachanika mapema, mchanga unaingia, mwezi wa pili unasikia tatata kila ukikata kona. Hiyo SG ikikaa inavyotakiwa ina karibu sentimita 20 chini ya tumbo, inamtosha. Irudishwe kimo chake kwanza. Anayetaka spesa aweke nyembamba na apige alaimenti, yaani kunyoosha tairi, siku hiyohiyo.

InchiMojaNaNusu:
Mimi nimeweka nene na naishi.

KitiChaMbele:
Wewe unaishi. Tairi zako je? Maana nilikaa nyuma yako foleni ya Banana, tairi la kushoto limelika upande mmoja mpaka waya zinanisalimia.

Altezza_Chini:
Wazee mnalia sana humu. Mimi gari nimeishusha, nakaa Mbezi Msakuzi, na kila siku napita.

JiraniWaMsakuzi:
Unapita au unasukumwa? Mtaa mzima tunajua bampa yako ya mbele iko kwa mama ntilie, ameiegemeza ukutani anaandikia bei ya wali.

Altezza_Chini:
Hiyo siyo yangu.

JiraniWaMsakuzi:
Ina namba yako.

GrisiMkononi:
Mleta uzi, rimu saizi ngapi?

MkaziWaKivule:
17. Aliniuzia yeye yuleyule mwaka jana, akasema zinaipa gari heshima.

GrisiMkononi:
Mungu wangu. Rudi 16, au 15 kama breki zinaruhusu, uvae tairi nene. Ule ukuta wa tairi ndiyo shokapu ya kwanza kabisa ya gari yako, na bahati nzuri haivuji mafuta. Sasa hivi una utepe wa raba uliozungushiwa chuma, unaupeleka kwenye korongo.

MkaziWaKivule:
Yaani shokapu yeye, rimu yeye, KO yeye, halafu anuani ndiyo mimi! Wakuu mimi leo silali. Nikifumba macho naliona lile birika linashuka taratibu.

Kivu_Motors_Fan:
Bandugu, huku kwetu Goma kuna mitaa tunapita juu ya mawe yenyewe ya volkano, yale ya 2002. Kama tatizo ni anuani, siye tuhamie wapi, ndani ya ziwa? Fundi wetu hakuuzii kitu mbele ya kukuuliza unapitaka wapi na unabebaka nini. Akikosa kuuliza, unaondoka.

KitiChaMbele:
Huyu wa Goma apewe maua yake.

MamaWawili_Chanika:
Mimi nasema ukweli, fundi ana makosa yake lakini mwenye kosa kubwa ni dalali. Dalali wangu aliniambia dakika 5 kutoka lami. Dakika 5 kwa usafiri gani? Kwa helikopta? Siku ya kwanza nimetembea mpaka kiatu kikaachia soli, na yeye yuko mbele ananionyesha "pale, pale kwenye mwembe". Tukaufikia mwembe, akanionyesha mwembe mwingine.

TofaliLaKuchoma:
Dada usinikumbushe. Wangu alisema barabara inakuja, iko kwenye bajeti. Hiyo ilikuwa 2014. Mwanangu aliyezaliwa mwaka ule sasa ananifika begani, barabara bado inakuja.

JiraniWaMsakuzi:
Na boda je? Jua likiwaka ni buku jero. Wingu likitokea tu, hata mvua yenyewe haijafika, inakuwa elfu 5. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa tope. Tope liko wapi? Linakuja!

TofaliLaKuchoma:
Hiyo tope imeiwahi barabara yangu.

MkaziWaKivule:
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Mimi nilidhalilishwa LEO. Mambo ya 2014 yafunguliwe uzi wake.

Altezza_Chini:
Mkuu anuani zetu wote mbovu, kaa utulie.

MkaziWaKivule:
Wewe nenda kachukue bampa yako. Hiyo anuani narudia si mbovu. Kwangu kuna hewa, kuna kisima, nina michungwa 4 inazaa. Watoto wangu wanacheza nje mpaka magharibi bila kuogopa gari, maana gari gani itafika kwa kasi? Mtu anayelala chumba kimoja juu ya duka la spea haniambii mimi kuhama. Nilimwomba kitu kimoja tu, anisikilize ninapita wapi. Hilo tu.

TofaliLaKuchoma:
Hapo kwenye michungwa umenigusa mkuu. Ulipanda mbegu gani?

MkaziWaKivule:
Ya Muheza, ile ya kubebeshwa. Lakini siyo mada.

TofaliLaKuchoma:
Inachukua miaka mingapi kuzaa?

MkaziWaKivule:
Yangu ilianza mwaka wa 4. Wakuu, taarifa: springi za nyuma nimezipata kwa mtu mwingine, tena za SG isiyojinyanyua kama alivyosema GrisiMkononi. Jumamosi nafungiwa pamoja na raba zile za mwisho, shokapu nitatafuta za gesi. Nikimaliza nitampitishia yule fundi gari mbele ya duka lake taratibu, kioo kimeshuka, na nitasimama pale kwa muuza kahawa ninunue kikombe kimoja aniangalie.

GrisiMkononi:
Ukifungiwa, bushi zisikazwe gari ikiwa imening'inia kwenye jeki. Zikazwe ikiwa chini imekalia tairi zake, la sivyo raba inakaa imejisokota na inachanika mapema.

MkaziWaKivule:
Nimekupata. Ila hamjaniambia kitu kuhusu muuza kahawa. Yule nilimuunga mkono miaka yote.

JiraniWaMsakuzi:
Pole mkuu. Mama Wawili, huyo dalali wako wa Chanika bado ana viwanja? Kuna shemeji yangu anatafuta 20 kwa 20.

MamaWawili_Chanika:
Anavyo. Mwambie aje kiangazi, na avae viatu vya kufunga.