"Ni maji tu bosi": fundi kanijengea nguzo ndani ya karo

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Yule fundi marumaru wa huku Goba. Simtaji, mnamjua. Yule wa saidia fundi watatu na spika moja. Leo asubuhi namkuta kafunua chemba yangu ya maji taka, kainamisha ndoo, anamimina uji wa saruji taratibu kama anamnywesha mgonjwa. Nikapiga yowe mpaka kuku wa jirani wakapanda mwembe. Akanitazama kwa huruma: "Ni maji tu bosi."

Maji tu! Uji ule ungeweka mwiko ungesimama wenyewe!

Saruji haingoji jua, wakuu, inaganda humo humo majini. Nimembana saidia fundi mmoja, kumbe wiki nzima mabaki ya jipsamu, grauti ya kujazia kati ya marumaru, maji ya kuoshea brashi za rangi, vyote humo. Bomba la inchi 4 limeziba, nikimwaga maji chooni yanapanda kunisalimia. Jioni nimeita gari la kunyonya. Kijana katumbukiza mpira, kauchomoa, kaniuliza, "Mzee, tunanyonya au tunabomoa?" Na hela ya safari kachukua.

Na yule fundi asubuhi, ndoo bado kaishika, inachuruzika, eti ni maji tu bosi. BOSI!

KokotoNusu: Pole mkuu. Siku nyingine wachimbie kishimo uani, waoshee vyombo hapo, tope ligande, livunjwe litoke na kifusi. Likifika kwenye lile shimo la mawe linalopeleka maji ardhini, mawe yakiziba unachimba jipya. Na chemba tia kufuli.

Mleta uzi: Kufuli ungeniambia jana.

BwanaTindo: Mita ya mraba ulimlipa ngapi?

Mleta uzi: Alitaka elfu sita, nikamshusha mpaka nne. Inahusu nini?

BwanaTindo: Zile elfu mbili ndizo ziko kwenye chemba 😂

KokotoNusu: 😂😂 Uzi ufungwe.

Mleta uzi: Mnacheka? Watu sita humu ndani tunaomba choo kwa jirani!

MamaDera: Afadhali wewe una jirani wa kuombwa. Wangu mvua ikinguruma tu anatapisha choo, mto unapita mlangoni kwangu. Hapa nilipo naona wingu, naingiza viatu.

BwanaTindo: Wa Kimara bondeni? Namjua huyo, akimaliza anakwambia ni mafuriko.

Kandambili77: Nyie mna mafundi wanaofanya kazi. Fundi cherehani wangu ana kitambaa cha harusi ya mdogo wangu tangu Pasaka. Kila nikipiga simu, "kimebaki kifungo".

MamaDera: Yule wa karibu na mashine ya kusaga??

Kandambili77: Huyo huyo!

Mleta uzi: Jamani, karo langu. Alisema ni maji tu.

MamaDera: Subiri kwanza baba. Kandambili, kitambaa chako kina maua ya zambarau? Maana Jumapili nimemwona mkewe nacho kanisani.