Naomba ushauri: mkaratusi wa uani umeinamia jiko, na kuni zikaushwe vipi?

Wakuu, shikamooni. Mkaratusi una kipenyo cha sentimita 40, urefu kama mita 15, umeinamia kidogo paa la jiko. Mpango ni kuuangusha upande wa pili: kamba ya mita 30 ifungwe theluthi mbili ya urefu ili wavutaji wasimame mbali na kilele, pengo la mbele (upande utakaoangukia mti) lenye kina cha sentimita 8 hadi 10, kisha mkato wa nyuma juu kidogo ya pengo, ibaki bawaba ya sentimita 4, yaani ukanda wa shina usiokatwa kati ya pengo na mkato wa nyuma. Bawaba ikikatwa yote, mti hujiangukia unakotaka wenyewe. Ikiwa nene mno, shina laweza kupasuka wima na kumpiga mkataji. Je, kamba na kabari mbili zinatosha, au apande mtu aupunguze vipande vipande toka juu? Mimi naegemea la pili.

Kuni zitapasuliwa zikiwa mbichi, maana mkaratusi mkavu ni mgumu kwa shoka. Zitapangwa juu ya matofali ili zisiliwe na mchwa, bati juu, pembeni wazi. Masika yanakaribia: ziachwe nafasi gani na ukuta? Na kisiki kisichipue tena, mnafanyaje?