Kikundi cha Ukoo: Fundi wa Nyumba ya Rukoki

Bwambale: Habari za jioni wazee wangu, habari ndugu zangu. Kile kiwanja cha Rukoki, kule Kasese, sasa nataka kuanza kujenga. Nimepata mkandarasi kutoka Fort Portal. Ametuma picha za nyumba zake, ni nzuri kweli. Anataka nusu ya pesa kwanza ndipo alete vijana wake.

Dada Masika: Hongera kaka. Nani kwetu anamjua?

Bwambale: Rafiki wa kazini huku Kampala ndiye alinipa namba. Ila yeye hajawahi kujengewa naye.

Mjomba Baluku: Mwanangu, usitume hata shilingi kabla hatujaenda kuona. Picha inaonyesha rangi na mabati. Nondo huzioni, msingi huuoni. Mwambie akupe nyumba tatu: moja ya mwaka huu, moja iliyokaa miaka mitatu au minne, na moja anayoijenga sasa hivi. Mimi hiyo ya zamani ndiyo ninayoitaka. Nyumba ikishapigwa na mvua misimu kadhaa, nyufa zinatoka zenyewe kwenye kona za madirisha, unyevu unapanda ukutani, plasta inaanza kubanduka chini. Hapo hakuna mtu wa kukudanganya.

Bwambale: Alinipa namba za wateja wawili, Mjomba. Niliwapigia, wote wanamsifu.

Dada Masika: Namba alizochagua mwenyewe hizo! Unajuaje kama si ndugu zake? Mwenye nyumba mzungumze yeye na wewe tu, fundi akiwa mbali. Umuulize: alimaliza kwa bei mliyopatana? Paa lilipovuja alirudi au alizima simu? Halafu uliza majirani, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa hapo, maana kesi za mafundi na wenye nyumba zinaanzia kwake.

Shangazi Kabugho: Mimi nauza vifaa, nawajua mafundi kwa madeni yao. Uliza duka analochukulia saruji. Kuna wanaochukua pesa ya mteja mpya kulipia saruji ya mteja wa zamani. Siku akikosa mteja mpya, ujenzi wako unakwama kwenye linta, ile boriti ya juu ya madirisha, na wewe uko Kampala. Vibarua wake nao waulize kama wanalipwa kila Jumamosi. Kibarua asiyelipwa anauza mifuko yako usiku.

Shangazi Kabugho: Na anayedai nusu nzima kabla hata mchanga haujamwagwa, mimi simwamini. Samahani, lakini simwamini.

Biira: Kama ana kampuni, jina lake litafutwe URSB, ofisi ya serikali ya usajili, maana kampuni zote zinasajiliwa huko. Akijiita injinia, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina orodha ya walioandikishwa, tuangalie kama yumo. Na kaka, kibali cha ujenzi unacho? Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka upate kibali kwa kamati ya majengo ya manispaa kabla ya kuanza. Mkandarasi anayekwambia kibali tutakitafuta baadaye, hapo tayari amejieleza.

Muhindo: Sawa, lakini si kila fundi mzuri ana makaratasi. Jirani yetu alijengewa na mzee asiye na cheti chochote na nyumba imesimama.

Mjomba Baluku: Kweli Muhindo, ndiyo maana nimeanza na nyumba, sikuanza na makaratasi. Lakini tuko chini ya Rwenzori. Tetemeko la Februari 1994 lilibomoa nyumba nyingi upande wa Fort Portal, na kabla yake lile la 1966 liliua watu wengi. Nyumba isiyofungwa na mkanda wa zege juu ya kuta inasimama vizuri mpaka siku ardhi itakapotikisika. Kwenye ile anayoijenga sasa nitaangalia mkanda huo, na kama zege linamwagiwa maji. Linahitaji maji kila siku kwa wiki nzima angalau, na nguvu yake inahesabiwa kwa siku 28. Fundi wa haraka hamwagii.

Mjomba Baluku: Nondo pia. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi. Ukiipima ukakuta kilo 7 na ushee, umeuziwa ya milimita 10.

Dada Masika: Kiwanja kiko mbali na mto Nyamwamba? 2013 na 2020 tuliona ulivyofurika.

Bwambale: Kiko juu, mbali na mto. Shida ni moja: anasema nisipolipa wiki hii anachukua kazi nyingine.

Dada Masika: Achukue. Kiwanja hakiendi popote.

Shangazi Kabugho: Mkikubaliana, mlipe kwa hatua na iandikwe mbele ya mashahidi: msingi, kuta mpaka linta, paa, plasta. Vifaa ununue wewe, risiti zije kwako. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako mpaka mvua zipite juu ya lile paa.

Bwambale: Nimemwandikia sasa hivi, nimemwomba zile nyumba tatu.

Bwambale: Amejibu. Iko moja Hima ya miaka minne, mwenyewe yupo. Ya mwaka huu iko Fort Portal, lakini mwenye nyumba amesafiri. Anayoijenga sasa anasema tumpe muda.

Mjomba Baluku: Muda wa nini? Nyumba inayojengwa iko wazi barabarani. Mwambie atutajie kijiji tu. Jumamosi naanza na ya Hima, naondoka na taksi ya asubuhi. Usimwambie saa.

Shangazi Kabugho: Tutaenda wote Baluku. Wenye maduka ya Hima nawajua, nitauliza deni lake.

Biira: Kaka, nitumie jina kamili la kampuni, kesho nalitafuta.