Watatu wanajiita wataalamu wa mitandao ya kijamii: nimchukue nani?

FundiKibuye:
Hamjambo wadau. Nina karakana ya sofa karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Wateja wangu huelekezwa na majirani, lakini mwaka huu mambo yamekauka, nikaamua kutafuta mtu wa kunitangazia mtandaoni. Wamejitokeza watatu. Kijana wa Nyalenda anataka 8,000 kwa mwezi na ataposti kila siku. Kampuni ya Nairobi inataka 35,000 kwa mwezi, pesa za matangazo juu yangu. Halafu kuna dada wa TikTok mwenye wafuasi 60,000, yeye 15,000 kwa video moja. Mngekuwa ninyi?

MamaPazia_Nakuru:
Kaka, ngoja nikupe yaliyonipata. Nauza mapazia hapa Nakuru. Nilimlipa mtu, na kwa miezi miwili ukurasa wangu wa Facebook ukatoka wafuasi 400 hadi 11,000. Nikawa natembea mjini kifua mbele! Siku moja nikakaa nikawafungua mmoja mmoja. Majina ya nchi nisizozijua, wengine hata picha hawana, wa Njoro au Bahati hakuna. Niliuza mapazia mawili, na moja alinunua shemeji.

OmeraWaMilimani:
Pole mama. Ila dada wa TikTok msimfukuze haraka. Mwulize hao 60,000 wako wapi. TikTok humwonyesha mwenye akaunti wanaomtazama wanatoka wapi, kwa hiyo akufungulie simu yake ukiwa umekaa naye, asikutumie picha. Wakiwa Kisumu, Ahero, Maseno, mchukue. Wakiwa Mombasa, nani atapandisha sofa ya watu saba kwenye basi?

Dijitali_Kakamega:
Kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo wenzangu mnisamehe. Vyeti vya Meta Blueprint, yale mafunzo ya matangazo ya wenye Facebook, ninavyo na havijawahi kuuza hata kigoda. Wewe sikiliza nani anauliza maswali. Anayekutajia bei kabla hajajua sofa moja inakuachia faida gani, mzigo unaufikisha hadi wapi, na kwa wiki unamaliza ngapi, huyo anauza posti tu.

Piga hesabu. Tuseme sofa inakuachia 9,000. Kampuni ya 35,000 lazima ikuletee wateja wanne wapya kila mwezi ndipo urudishe ada yake, na hapo hujagusa matangazo wala hujala. Waulize wateja hao wanne watatoka wapi.

Kijana naye mjaribu kwa wiki moja. Mpe 3,000 za matangazo, kilomita 30 kuzunguka Kisumu, tangazo la kumfungulia mteja WhatsApp moja kwa moja. Mwishoni asikuletee laiki. Akuletee daftari: wangapi waliandika, wangapi walifika karakanani, wangapi walitoa dipoziti. Na asiyejua Ads Manager, pale Facebook inapopangia matangazo, ina kazi gani zaidi ya kile kitufe cha kubusti posti, akajifunze kwa pesa zake mwenyewe.

Akikuahidi kutumia watu maelfu ujumbe wa WhatsApp, mkumbushe orodha moja ya kutuma kwa wengi (broadcast) hubeba watu 256, na ujumbe haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Namba za kununua usiguse, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

NyarKondele:
Mmesahau funguo. Binamu yangu ana saluni. "Mtaalamu" wake alimfungulia ukurasa kwa akaunti yake yeye. Wakakosana kwa sababu ya 2,000, jamaa akaondoka na ukurasa, picha na wateja wa miaka mitatu. Udhibiti kamili wa ukurasa ushike wewe, yeye umpe nafasi ya kuposti na kujibu. WhatsApp Business iwe kwa laini yako. Akinuna, mwache anune.

MzeeWaBungoma:
Hayo ya Ads sijui nini mimi siyajui. Lakini jana nilipita kwenye ukurasa wako, Fundi. Watu wanauliza bei, unawajibu "bei njoo inboksi". Mimi sikuja.

FundiKibuye:
Haki mzee umenichoma 😂 Nimekwenda kuangalia hiyo inboksi. Watu kumi na mmoja sijawajibu, mmoja tangu Pasaka.

Nirudi kwa wale watatu. Kampuni nimewauliza habari ya wateja wanne, wakasema watanipigia. Dada wa TikTok amekataa kufungua simu, eti ni siri za kazi. Kijana nilipompigia, kabla sijamaliza salamu akaniuliza, "Mzee, kwa wiki unaweza kumaliza sofa ngapi? Nisije nikaita watu ukashindwa." Hilo swali sikumfundisha mimi. Jumatatu anaanza na zile 3,000, na ukurasa unabaki kwa jina langu.

MamaPazia_Nakuru:
Na ile ya kona, ya kijivu, ni bei gani? Ole wako uniambie inboksi.

FundiKibuye:
52,000 mama. Usafiri wa Nakuru juu yako.