HWK wamekataa barua ya marehemu baba mdogo, nani asaini?

Kutoka: Kijana wa Keko, Hessen

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mimi ni seremala, niliomba HWK, yaani chemba ya mafundi wa mikono hapa Ujerumani, watambue ufundi niliojifunza nyumbani. Wiki iliyopita nimepokea Bescheid, barua ya uamuzi wao. Wamenipa teilweise, yaani wametambua sehemu tu. Miaka miwili ya VETA, mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, wameikubali, ila wanasema nina pengo kwenye mashine na kwenye kupaka rangi na vanishi. Miaka tisa niliyofanya na baba mdogo kwenye karakana yake pale Keko, Dar es Salaam, hawakuihesabu kabisa. Barua yake aliiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, pembeni kuna alama ya dole gumba lake lenye vanishi. Niliipeleka na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Wanasema haina mhuri, haina tarehe ya kuanza wala kumaliza, haitaji kazi nilizofanya, nilete nyingine. Baba mdogo tumemzika mwezi wa tatu. Karakana haikuwa na usajili. Swali langu ni moja tu: nani mwingine anaweza kusaini wakakubali?

Kutoka: Mama Wawili, Bremen

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu. Usihangaike na hao. Peleka kila kitu IHK FOSA, ofisi nyingine ya kutambua vyeti, iko Nürnberg, ndiko alikopeleka mume wangu na jibu lilikuja zuri. Kilichotumaliza ni tafsiri, maana kila ukurasa una bei yake, na muhtasari wa masomo ulikuwa na kurasa nyingi.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Dada, tusimpoteze kijana. FOSA ni ya fani za viwanda na biashara. Mume wako ni Holzmechaniker, fundi wa mbao wa kiwandani. Kijana ni Tischler, seremala wa karakana, na kwa Tischler mwenye kauli ni HWK.

Kijana, kabla ya kutafuta wa kusaini, fungua ukurasa wa mwisho usome Rechtsbehelfsbelehrung, maelezo ya namna ya kupinga uamuzi. Kwa kawaida una mwezi mmoja wa kupinga tangu barua ikufikie. Ukipita, umekwisha. Halafu omba Qualifikationsanalyse, yaani kupimwa ujuzi kwa vitendo, kifungu cha 14 cha BQFG, sheria ya kutambua ujuzi wa ng'ambo. Sheria hiyo ilianza 2012, na kifungu hicho kimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye karatasi zake hazipatikani bila kosa lake. Unapewa mbao na mchoro, wanakuangalia ukifanya kazi, wanakuhoji.

Mimi sikupata bahati hiyo. Nilianza Ausbildung, mafunzo ya ufundi, upya, miaka mitatu, na watoto wa miaka 17. Gesellenstück yangu, kazi ya mtihani wa mwisho, ilikuwa kabati dogo la mwaloni lenye droo nne. Mtahini aliisukuma droo ya chini taratibu, ile ya juu ikatoka yenyewe kwa nguvu ya hewa. Hakusema neno, aliandika tu. Mikono ile ilifundishwa Tanga. Hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo, na mpaka leo inaniuma.

Kutoka: Fundi wa Stuttgart

Mzee, kwa heshima, hapo umeruka. Qualifikationsanalyse ni ya asiye na karatasi. Huyu cheti cha VETA anacho na wameshamwambia anachokosa. Aende Anpassung, mafunzo ya kuziba pengo: TSM 1, kozi ya mashine za useremala, kisha miezi kadhaa kwa Meister, fundi mkuu, apate mkono wa spreyi, arudi kuomba tena. Mimi nilikuja kutoka Nairobi na Grade Test za NITA, mitihani ya ufundi ya Kenya, nikaambiwa hivyohivyo.

Siku ya kwanza ya TSM mwalimu alizima msumeno wa meza kwa sababu nilisukuma kijiubao chembamba kwa kidole. Gikomba, Nairobi, nimefanya hivyo miaka mingi na vidole vyote 10 ninavyo. Akanipa kijiti cha kusukumia, akasema nianze tena. Nilikasirika sana. Siku hizi kaka yangu akinitumia video ya karakana, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye vidole vya vijana.

Iko pia Externenprüfung, kifungu cha 37 cha HwO, sheria ya kazi za mikono. Unafanya mtihani wa Geselle, fundi aliyehitimu, moja kwa moja bila kupitia mafunzo ukionyesha umefanya kazi mara moja na nusu ya muda wa mafunzo, yaani miaka minne na nusu, na ya ng'ambo hutazamwa. Na huku kusini fani yenyewe ya Tischler inaitwa Schreiner, usije ukadhani ni nyingine.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Hiyo miaka minne na nusu ataionyesha kwa nini, na barua imeshakataliwa? Tumerudi palepale.

Kutoka: Mama Wawili, Bremen

Nimekubali kusahihishwa. Lakini mimi naona kosa linaanzia kwetu. Mtu anafundisha vijana maisha yake yote, nusu ya mtaa inalala kwenye vitanda vyake, na hana hata daftari la majina. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mitaani, wanakupima ukiwa kazini kwako. Huo ungefika kila kibanda cha seremala kabla vijana hawajapanda ndege. Viongozi wakija huku wanatuambia tuwekeze nyumbani. Watupe karatasi kwanza!

Kutoka: Binti Mkunazini, Leipzig

Natoka nje ya mada, mnisamehe. Babu yangu alikuwa anachonga nakshi za milango, na nyumba nzima ilinukia mvule na msaji. Hapa nafanya kazi karibu na karakana. Mwaloni mbichi ukipasuliwa unatoa harufu kali kama siki, na kila nikipita namkumbuka amekaa chini, patasi mkononi, anapuliza vumbi kwenye ua alilomaliza kulichonga.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Binti yangu, na mninga je? Nina kipande kimoja tu, nimekiweka dirishani. Nikikipiga msasa kidogo, harufu inarudi.

Kutoka: Kijana wa Keko, Hessen

Nawashukuru wote. Nimesoma ukurasa wa mwisho, ni mwezi mmoja kweli. Zimebaki siku 16. Nimeandika kuomba Qualifikationsanalyse, na nimetafuta nafasi ya TSM pia. Lakini bado nauliza: nani asaini? Kuna ustadhi tuliyemtengenezea milango ya madrasa, mimi na baba mdogo, na risiti bado anazo. Mteja anatosha?

Kutoka: Binti Mkunazini, Leipzig

Madrasa ipi? Shangazi yangu anakaa Keko Machungwa.