Maikrofoni ipi itafaa kurekodi simulizi za wazee sebuleni, Tabora?

Kanyenye_Simulizi (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi na mwenzangu tupo Tabora mjini, Kanyenye, na tunaandaa podikasti ambayo ndani yake wazee watasimulia habari za misafara, za enzi za Mtemi Mirambo na za maisha ya reli. Chumba tulichonacho ni sebule ya kawaida: sakafu ya saruji, madirisha ya nondo na wavu, na juu ni bati tupu lisilo na dari. Tawi la mwembe limelalia paa, na msimu wa maembe ukifika tunda moja likidondoka mzee hunyamaza, hutazama juu, kisha huuliza alikuwa ameishia wapi. Kwa sasa tunarekodi kwa simu iliyowekwa katikati ya meza, na sauti inatoka kana kwamba msimulizi yumo ndani ya pipa. Nimeshauriwa ninunue maikrofoni ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo) ya USB kwa sababu ndiyo inayotumika studio. Je, itatufaa, na watu wawili wanaweza kutumia moja? Naomba kuwasilisha.

Fundi_wa_Sauti

Ndugu mleta mada, kabla ya kuzungumzia aina ya maiki tuzungumzie umbali, kwa sababu hapo ndipo sauti yako inapopotelea. Kila mara umbali kati ya mdomo na maiki unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu uleule. Simu ikiwa sentimita 80 kutoka kwa mzee, kinachosikika zaidi ni kuta na bati. Ukiisogeza hadi sentimita 10 umeongeza kama desibeli 18 za sauti halisi, na hujanunua kitu.

Kwa chumba hicho mimi ningechukua maiki ya dainamiki (aina ya koili na sumaku) inayosikiliza upande wa mbele na kupunguza sauti za nyuma. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, bado inafanya kazi hiyo vizuri, ingawa za bandia ni nyingi mno na bei ya kutupa inapaswa kukutia shaka. Usikimbilie maiki nyingine ya Shure, SM7B, eti kwa kuwa unaiona kwenye video za watangazaji wakubwa: sauti inayotoa ni ndogo, inahitaji kukuzwa kwa takribani desibeli 60, na vifaa vingi vya bei nafuu vikifikishwa huko huanza kutoa mvumo.

Kuhusu watu wawili, kila mmoja awe na maiki yake. Maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja ni usumbufu, kwani programu nyingi za kurekodi hupokea kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Chukueni maiki za waya wa XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) pamoja na kifaa cha kuziunganisha na kompyuta chenye matundu mawili, ili kila sauti ikae kwenye njia yake na aliyekohoa akatwe bila kumgusa aliyekuwa akisimulia. Kama bajeti inaruhusu maiki moja kwa sasa, Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x-USB zina USB na XLR pamoja, hivyo hazitatupwa mtakapopanua kazi.

Mwana_Ujiji

Naunga mkono sehemu kubwa ya maelezo ya mkuu hapo juu, lakini naomba niongeze jambo moja linalopotoshwa mara nyingi. Kondensa haisikii mwangwi zaidi kwa sababu tu ni kondensa. Ikiwekwa umbali uleule na ikiwa na mwelekeo uleule wa kusikiliza, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Inachofanya ni kunasa zaidi sauti nyembamba, na wengi huiweka mbali wakiamini kwamba wepesi wake wa kusikia utafidia umbali. Kondensa za XLR, tena, huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa cha kuziunganisha, ilhali dainamiki haihitaji.

Hofu yangu ni wazee wenyewe. Hapa Kigoma nimerekodi wavuvi wastaafu, na hakuna hata mmoja aliyekaa na mdomo mbele ya maiki kwa dakika tano mfululizo: anageuka kuonyesha ziwa lilipo, anamgeukia mjukuu, anainama kuchukua kahawa. Kwa watu wa namna hiyo maiki ndogo ya kubana kwenye nguo huwafuata popote wanapogeuka. Ibane kifuani kwenye ukosi wa shati, si juu ya kitenge au shuka linalosuguana, na mwombe mzee aweke tasbihi pembeni.

Kanyenye_Simulizi (mleta mada)

Nashukuru sana, wakuu. Nimeelewa kwamba kondensa niiache kwanza. Je, pangaboi na kukatika kwa umeme tufanyeje?

Fundi_wa_Sauti

Pangaboi lizimwe, na kwa joto la Tabora la mwezi wa kumi hiyo inamaanisha kurekodi asubuhi mapema na kwa vipande vifupi. Kompyuta itumie betri wakati wa kurekodi, kwa sababu chaja kwenye nyumba isiyo na waya mzuri wa ardhini mara nyingi huleta mlio wa umeme. Kama mnataka kuepuka kompyuta kabisa, kinasa sauti cha mkononi kama Zoom H5 hutumia betri 2 za AA na kina matundu 2 ya XLR.

Simamisheni godoro nyuma ya msimulizi, tandikeni mkeka au zulia, na ning'inizeni mablanketi mazito kwenye ukuta unaomkabili. Mvua juu ya bati haina maiki ya kuizuia. Siku hiyo ahirisheni. Tawi la mwembe likatwe, kama mwenye nyumba ataridhia. Kabla ya kununua chochote, jaribu kwa simu hiyohiyo uliyonayo, sentimita 10 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige, kisha tuwekee sampuli hapa tuisikilize.